Namna ya kujua sera ya uchumi imeifanyia nini wilaya yako (mifano ya Mtwara na Lindi)

Wakuu, salamu toka Kusini. Vijana wengi wa huku, hasa walioko Dar wanaotaka kurudi kuweka kitu nyumbani, wanauliza swali moja: serikali ikibadilisha sera, soko likafunguliwa au likabanwa, tozo ikapanda, kampuni ikapewa leseni, mtu atajuaje kama wilaya yake itanyanyuka au itabaki palepale? Maana tumeshaona, tangazo linatoka, madalali wanapandisha bei za viwanja, watu wanakopa wanajenga gesti, afu baada ya muda vyumba vitupu na deni la benki liko palepale. Nimeamua niandike njia ninayoitumia mimi, haihitaji digrii ya uchumi, inahitaji daftari, uvumilivu na kutoona aibu kuuliza.

Swali ambalo ntalirudia mpaka mwisho ni hili: pesa inalala wapi? Kupita inaweza ikapita popote, gari la mizigo linapita vijiji kibao, ila mji unakua pale ambapo hela inafika, inalala, asubuhi inaamka inanunua bati, inalipa ada, inafungua duka. Sera yoyote ya uchumi mi naipima kwa hilo.

Anza na zao, sio na mradi

Wengi wanaanza na mradi mkubwa kwa sababu ndo unaotangazwa kwenye taarifa ya habari. We chagua kitu kimoja ambacho wilaya yako inauza. Newala na Tandahimba chukua korosho, Kilwa au Nachingwea chukua ufuta, Ruangwa sa hivi unaweza kuchukua madini ya kinywe (grafaiti). Afu andika safari yake yote: nani analima au anachimba, anamuuzia nani, mzigo unakaa ghala la nani, unasindikwa wapi, unapandia meli bandari gani, na kila hatua mwenye kupata hela anaitumia mji gani. Usiandike majina ya ofisi tu, andika mji. Utashangaa jinsi safari ya korosho inavyoanzia kijijini Kitangari halafu sehemu nono ya hela ikaja kutulia Vietnam au India, ambako ndiko inakobanguliwa.

Ukishapata hiyo safari, irudie kwa miaka ya nyuma, kabla na baada ya kila mabadiliko makubwa. Hapa ndo penye utamu kwa hiyo ntakaa kidogo.

Rudi nyuma kabisa mpaka kwenye karanga. Waingereza walianzisha skimu ya karanga 1947, Nachingwea ikawa moja ya maeneo matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Kwa ajili ya hizo karanga ikajengwa reli na ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara. Skimu ikafa 1951 ikiwa imemeza kama pauni milioni 36, reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 60 na ikang'olewa. Mtu akisoma hapo anasema basi, ilikuwa hasara, imeisha. Haikuisha. Bandari ilibaki, makao ya Jimbo la Kusini yakahama kutoka Lindi kwenda Mtwara miaka hiyohiyo ya 50, Mikindani iliyokuwa bandari ya siku nyingi ikawa kitongoji cha pembeni. Mradi ulikufa ila ramani ikawa imeshabadilika, na Lindi mjini walilipia hilo kwa miaka mingi. Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike tu "mradi ulifanikiwa" au "ulishindwa", andika umeacha nini ardhini na ofisi gani zimehama.

Sasa njoo kwenye korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000, mwishoni mwa miaka ya 80 ikashuka chini ya tani 20,000. Yaani mikorosho ipo, watu wapo, uvunaji umekufa. Sababu hazikuwa moja. Operesheni ya vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, mtu shamba liko kilomita kadhaa porini nani ataenda kulipalilia, bei anayopewa mkulima ilikuwa ndogo na malipo yanachelewa, halafu ukaja ugonjwa wa ubwiriunga unaounguza maua. Na kinachouma zaidi, kipindi hichohicho ndo vilijengwa viwanda 12 vya kubangua kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uwezo wake zaidi ya tani laki moja kwa mwaka, vingi vikiwa huku Kusini. Vimekamilika, korosho ya kubangua hakuna.

Baadae yakaja mageuzi ya 1986, enzi za Mzee Mwinyi, makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwanzoni mwa miaka ya 90 soko la korosho likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Wanunuzi wakaja na keshi mpaka kijijini, watu wakarudi kupulizia salfa, uvunaji ukapanda tena mpaka ukavuka tani laki moja kufikia 2000. Hapo wengi wanaishia kusema soko huria liliokoa Kusini. Nusu ya hadithi. Soko huria lilirudisha shamba, viwanda halikuvirudisha, vilibinafsishwa na vingi vikageuka maghala. Mnunuzi anayepeleka korosho ghafi India hana sababu ya kubangua Mtwara kama huko anapata mtaji nafuu na watu wenye mkono uliozoea. Kwa hiyo pesa ya mkulima ilianza kulala kijijini tena, lakini pesa ya kiwanda, ile ambayo kina mama wa Likombe na Newala wangeipata kila mwisho wa mwezi hata nje ya msimu, ikalala ng'ambo. Ukiona mji wako una hela Oktoba mpaka Januari halafu Machi maduka yanapiga miayo, ujue unaangalia matokeo ya hicho kitu.

Soma risiti ya mkulima

Hii hatua watu wanairuka na ndo yenye majibu. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuja kwa sheria ya 2005, kwenye korosho ukaanza msimu wa 2007/08. Kabla yake kangomba, yaani mlanguzi wa korosho, alikuwa anamkopesha mkulima hela ya unga wakati wa njaa halafu msimu ukifika anachukua korosho kwa bakuli, bei anayotaka yeye. Stakabadhi ikahamisha uuzaji kutoka barazani kwa mkulima kwenda AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), toka AMCOS kwenda ghala kuu, halafu mnada wa chama kikuu, TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, Lindi Mwambao kwa upande wa pwani. Kuanzia msimu wa 2024/25 minada inapita kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa la mtandaoni.

Nenda AMCOS yoyote msimu ukiwa umechanganya, wazee wako barazani wanasubiri malipo. Kuna mzee mmoja nilimsalimia, "Shikamoo babu, naomba niione hiyo risiti yako," akaniambia "Marahaba mjukuu wangu, soma na mimi nisikie, macho yangu herufi hizo hayazikamati." Nikamsomea kwa sauti: kilo, daraja, bei ya mnada, halafu makato, ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri mpaka ghala kuu, magunia, chini kabisa hela iliyobaki kuingia akaunti. Kila nikitaja kato anauliza "hiyo inaenda kwa nani?" na wenzie waliokaa pale wakaanza kujibu, wengine wanabishana. Hiyo ndo elimu ya uchumi wa mkoa, iko yote kwenye kikaratasi kimoja. Kila mstari wa makato ni mtu au ofisi inayopata kula, na kila ofisi iko mji fulani.

Chukua hiyo mistari uipangie miji. Utaona kwa nini Tandahimba na Newala mjini zimejaa mawakala wa benki na maduka ya pikipiki na vifaa vya ujenzi: hela sa hivi inaingia akaunti, mwenye akaunti anakuja mjini kutoa, akishatoa anaanza kununua palepale. Mi naunga mkono stakabadhi ghalani pamoja na kasoro zake, ila lazima niseme wazi, imehamisha biashara kutoka vijiji kwenda makao makuu ya wilaya, mwenye duka kijijini amepoteza wateja wa siku ya malipo. Na malipo yakikwama, hasira inakuwa ya wilaya nzima kwa mpigo, kama Liwale Aprili 2013 watu walipolipwa pungufu ya walichotegemea nyumba zikachomwa.

Sasa piga hesabu ya ushuru. Tangu 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 mpaka 3. Tuseme halmashauri yako imeuza tani 50,000 kwa shilingi 3,500 kilo. Asilimia 3 ni shilingi 105 kwa kilo, jumla bilioni 5.25. Bei ikishuka mpaka 2,000, inakuwa shilingi 60, jumla bilioni 3. Bilioni mbili na robo zimeyeyuka na hakuna aliyeiba, ni bei tu. Hayo ni madarasa, ni zahanati, ni ile mikopo ya asilimia 10 ya kina mama, vijana na watu wenye ulemavu, maana nayo inatoka kwenye mapato ya ndani. Kwa hiyo ukisikia halmashauri inategemea zao moja, elewa hata diwani wako anategemea mnunuzi wa Vietnam.

Ukitaka kuona sera mbili zikigongana kwenye zao moja, soma 2018. Katikati ya mwaka Bunge lilibadili sheria, ile asilimia 65 ya tozo ya kusafirisha korosho ghafi iliyokuwa inarudi kuendeleza zao ikaelekezwa mfuko mkuu wa serikali. Oktoba wanunuzi wakatoa bei za chini, wakulima wakagoma kuuza, Novemba Rais Magufuli akaamuru serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja na malori kusomba. Bei ilikuwa nzuri kwenye karatasi, ila uhakiki na malipo vilienda mpaka 2019, na watu walioajiriwa na msimu, wabeba magunia, mama lishe wa maghalani, wenye magari ya mizigo, hawakuwa na 3,300 ya mtu yeyote. Nilichojifunza hapo: sera inaweza kumlenga mkulima ikamsahau mji unaomzunguka mkulima, kwa hiyo kwenye daftari uwe na ukurasa wa hao wengine pia.

Tofautisha hela ya kujenga na hela ya kuendesha

Hapa ndo watu wamepoteza viwanja na akiba zao, naomba tuelewane. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, ya Songo Songo kule Kilwa 1974. Bomba la kutoka Madimba huku Mtwara mpaka Dar lina kilomita kama 542, limejengwa kwa mkopo wa China, likazinduliwa Oktoba 2015. Watu wa Mtwara waliandamana Januari na Mei 2013 wakisema gesi haitoki, kuna waliopoteza maisha, na mimi siwezi kuliongelea hilo kirahisi. Walichokuwa wanauliza ni swali lilelile, hela italala wapi. Wakati wa ujenzi hela ilikuwa nyingi, vyumba vya kupanga bei juu, bajaji kila kona. Mtaro ukishafukiwa, mtambo wa kuchakata gesi unaendeshwa na watu wachache wenye ujuzi wao, na faida ya umeme mwingi inaonekana viwandani Dar.

Kwa hiyo kila mradi uulize maswali mawili tofauti: unajengwa na watu wangapi kwa muda gani, na ukishajengwa unaendeshwa na wangapi na unanunua nini hapa. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilichofunguliwa nje kidogo ya mji wa Mtwara 2015, uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kwenye swali la pili kina majibu mazuri zaidi kuliko bomba: chokaa inachimbwa hapahapa, malori yanabeba saruji kila siku, madereva wanakula, matairi yanazibwa. Ule mradi wa LNG (gesi iliyogeuzwa kimiminika) wa Likong'o pale Lindi umeongelewa kwa miaka mingi, makubaliano ya awali yalisainiwa Juni 2022, ila kiwanda hakijajengwa. Kama unataka kununua kiwanja Lindi nunua kwa bei ambayo hata kiwanda kisipokuja bado utalima au utajenga nyumba ya kuishi.

Barabara na kinachopita juu yake

Barabara ni sera. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 pale Rufiji, mvua zikianza Kusini tulikuwa kama kisiwa. Kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilomita 60, kiliendelea kutesa watu miaka zaidi ya kumi baada ya daraja. Hata Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, bidhaa za dukani huku zilipanda. Kwa hiyo ukipima wilaya, angalia ina njia ngapi za kutokea.

Afu simama barabarani uangalie malori yamebeba nini. Makaa ya mawe ya Ruvuma yameanza kwenda nje kwa wingi kupitia bandari ya Mtwara miaka hii ya karibuni, baada ya gati jipya la mita 300 kukamilika, na malori yanapita Tunduru, Masasi mpaka bandarini. Watu wanasema uchumi umefunguka, na bandarini kweli umefunguka, ila kwa Masasi jibu linategemea lori linasimama au linapita. Kama dereva analala, anakula, anabadilisha bearing kwa fundi wa Mkuti, hela imelala. Kama anapitiliza, Masasi wamebaki na vumbi na lami iliyobonyea. Halmashauri inayotenga eneo zuri la maegesho lenye choo, taa na fremu inapata faida hiyo, isiyotenga inapata ajali.

Watu wanahama kwa sababu, wahesabu

Sensa ni kipimo cha bure. Lindi ilikuwa na watu 864,652 mwaka 2012, ikafika 1,194,028 mwaka 2022. Mtwara kutoka 1,270,854 kwenda 1,634,947. Mkoa ambao ulizoea kupeleka vijana Kariakoo sa hivi unapokea watu, na Lindi imekua kwa kasi kuliko Mtwara. Sehemu ni wafugaji walioshuka na ng'ombe baada ya kuondolewa bonde la Usangu, sehemu ni wakulima wanaofuata ardhi ya ufuta. Angalia kata kwa kata, kata iliyokua haraka ndo itakayogombania maji, malisho na madawati, na bajeti ya halmashauri huwa inachelewa kugundua.

Na usisahau sera za nchi za watu. Agosti 2017 India ilibana uingizaji wa mbaazi ili kulinda wakulima wake, bei huku ikaporomoka mpaka watu wakaacha mbaazi shambani. Hakuna mtu Nachingwea aliyepiga kura Delhi. Kila zao lako liandikie jina la nchi inayonunua na ufuatilie nchi hiyo inaamua nini.

Ingia halmashauri

Kikao cha baraza la madiwani ni cha wazi, nenda kaa nyuma sikiliza. Omba uone mapato ya ndani yametoka chanzo gani. Kama kuna kampuni kubwa wilayani uliza ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi umekuwa asilimia 0.3 ya mauzo, inaulipa halmashauri ipi, kwa sababu kampuni inaweza kuchimba kwenu ikawa na ofisi kwingine. Kwenye madini, sheria ya 2017 iliipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia, hizo zinaenda taifa, kwa hiyo Ruangwa isikae inasubiri hisa, ibane kwenye ushuru, kwenye ajira na kwenye nani anauza mchele, nyama na mboga kambini. Uliza kwa heshima, mtendaji akikuzungusha mfuate diwani wako, huyo anahitaji kura yako.

Kwa anayetaka kufanya zoezi hili sasa hivi, kuna mahali pazuri pa kuanzia. Barabara ya Mnivata, Newala mpaka Masasi inajengwa kwa lami kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kule Maranje kuna eneo limetengwa kwa viwanda vya kubangua korosho. Moja linaweza kurahisisha korosho kutoka, lingine linaweza kuibakisha. Andika leo bei ya kupanga fremu Tandahimba, Kitangari na Newala mjini, nauli ya gunia mpaka Mtwara, idadi ya mashine za kubangua zinazofanya kazi kweli na sio zilizofungwa turubai, weka tarehe juu ya ukurasa, afu rudia mahesabu hayohayo Machi, msimu ukiwa umeisha.